Homa Niliyoipata Nyumbani kwa Mjomba

Mchungaji wetu aliniomba nisimame kanisani niwaeleze vijana jinsi nilivyougua. Nilikataa kwa sababu ya mdomo wangu. Upande wa kushoto haufungi vizuri, na nikisema maneno mengi mate hunitoka. Basi naandika. Kama unaumwa homa inayoondoka na kurudi, au una mgonjwa wa namna hiyo ndani, au umechoshwa na ubaya wa watu hadi asubuhi huoni sababu ya kuamka, haya nimekuandikia wewe. Sitaeleza ugonjwa unapita wapi ndani ya damu. Hayo wanayajua waganga. Mimi nalijua benchi la kungojea, nalijua blanketi, na najua nilichokifanya.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, reli imekwisha kufika Dodoma. Lakini inabidi nianze nyuma kidogo, kwa papasi.

Nyumba zetu za tembe, zile za udongo zenye paa la bapa, zina papasi, wadudu wa jamii ya kupe, kwenye vumbi la sakafu. Mtoto wa kwetu anaumwa nao tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Anapata homa, anapona, anakua, na damu yake inawazoea. Akikaa mbali kwa miaka, damu inasahau, na siku anaporudi anaugua kama mgeni. Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na desturi. Mtu anayekwenda safari ndefu alibeba papasi wa nyumbani kwake, awaache wamuume huko aliko.

Nilipochaguliwa kwenda shule ya serikali pwani, mama aliniwekea sita ndani ya kibuyu kidogo cha tumbaku, pamoja na vumbi la nyuma ya kinu. Akaniambia, "Kila mwezi ukiandama, uwaache wakuume. Usione haya."

Niliona haya. Vijana wa pwani walikigundua kibuyu siku ya tatu.

"Jamani, Mgogo kaja na ng'ombe zake!"

"Yupi dume?"

"Atakamua saa ngapi?"

Nilikwenda kuwamwaga chooni mbele yao, nikacheka kuliko wao wote. Miaka minne baadaye nilirudi Dodoma nimevaa kanzu nyeupe, karani wa boma. Nilipewa chumba cha matofali chenye kitanda. Mama alipokuja kuniona aliuliza, "Wale wadudu waliishi?"

"Waliishi, mama."

Huo ndio uongo wa kwanza katika habari hii.

Kazi yangu ilikuwa kuandika, kutafsiri Kigogo kwa Kiswahili, na kuhesabu viboko. Mtu akihukumiwa alipigwa ishirini na tano, navyo viliitwa hamsa ishirini, na amri ilitaka mtu mmoja ahesabu kwa sauti. Kabla yangu walihesabu askari. Walisahau, walirudia, walifanya mzaha, na watu walipigwa thelathini na zaidi. Mimi sikukosea. Watu wa mjini walisema afadhali kupigwa siku ya karani kijana, utapata chako tu. Nilisifiwa, na nilifurahi kusifiwa. Nilibatizwa nikiwa mdogo, nilifundishwa kusoma na mwalimu wa misheni aliyeitwa Yakobo, na kila Jumapili niliimba. Sikuona jambo lolote la kuuliza.

Vita vya Wazungu vilipoanza, boma lilitaka wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi. Waliokwenda hawakurudi. Mjomba wangu Chalo, kaka wa mama yangu, aliishi upande wa kaskazini, kabla hujafika Chemba. Alikuwa na wana wawili wenye nguvu. Majina yao yaliposomwa walikuwa wamekwisha kutoroka. Mimi nilijua walipo, kwa sababu mama aliniambia: walikuwa milimani Busi, wanachunga ng'ombe wa rafiki wa baba yao.

Nilitumwa pamoja na Ombasha Faraji, askari wa cheo aliyekuwa mkuu wa viboko, na wenzake watatu. Mjomba alitoka nje ya tembe lake akanyoosha mikono.

"Mbukwa, mpwa wangu!"

"Mbukwa, mjomba."

Alichinja mbuzi. Nadhani aliamini nimekuja kumkinga, maana kwetu mpwa akifika nyumbani kwa mjomba ni mwenye nyumba. Nilikula paja. Nilitandikiwa ngozi ya ng'ombe mahali pazuri, karibu na nguzo ya kati, nikalala usingizi mzito.

Asubuhi Ombasha alimuuliza wanawe wako wapi. Mjomba alinielekeza kidole, akatabasamu. "Mpwa wangu huyu hapa. Mwulizeni yeye kama mimi ni mwongo."

Nilitafsiri hivi: "Anasema hajui."

"Basi atajua mbele ya safari," alisema Ombasha, akamfunga mikono kwa kamba ya ndama iliyokuwa imetundikwa mlangoni. Nilifungua daftari nikaandika jina lake, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Bwana mkubwa wa boma aliamua kwamba Chalo atapigwa hamsa ishirini kila baada ya majuma mawili, mpaka wanawe watokee. Atakaa kwenye mnyororo wakati wote huo.

Jumamosi ya kwanza nilihesabu mimi. Bwana alikuwa barazani anasoma karatasi zake, wala hatazami. Kufika cha kumi na tano, Ombasha alipumua akanitazama. Alikuwa amechoka mkono. Ningeruka vitano, vinane, asingesema kitu. Nilihesabu vyote, kimoja kimoja, kwa sauti safi ya shule. Mjomba hakulia mpaka cha ishirini. Baada ya hapo alilia kama ndama.

Mama alikuwa amesimama nje ya ua wa miiba. Nilipotoka aliniuliza, "Ulishindwa kuruka hata kimoja?"

"Mama, hesabu ni hesabu."

Aliondoka bila kuaga.

Siku ya pili yake homa ilianza.

Ilikuja kwa kichwa. Nilidhani mtu amenipiga na mchi nyuma ya macho. Kisha baridi, katika jua la mchana la Dodoma, meno yanagongana. Viungo viliuma hata shuka likinigusa. Nilitapika maji ya njano. Nilitokwa na damu puani. Nilikuwa nimelala nyumba ya tembe usiku mmoja tu tangu nirudi kutoka pwani, na usiku huo nililala kwa mjomba.

Walinipeleka kwenye baraza la hospitali ya boma. Benchi lilikuwa moja, refu, limeng'aa kwa makalio ya watu. Wagonjwa walikaa upande wa mlango. Upande wa pili walikaa waliohukumiwa viboko, kwa kuwa daktari Mzungu alitakiwa awapime kwanza kama mwili unaweza. Aliweka sikio kifuani, akafungua jicho kwa dole gumba, akasema, "Anafaa." Kwa wagonjwa alisema, "Kunywa." Hayo ndiyo maneno mawili niliyomsikia akisema kwa Kiswahili. Watu wa upande mmoja hawakutazama wa upande wa pili. Wakati mwingine mtu alikosea akakaa upande usio wake, na benchi zima lilicheka, hata waliohukumiwa.

Siku ya tano nilitoka jasho mpaka kitanda kikalowa, na homa ikaondoka kabisa. Nililia kwa furaha. Nilidhani nimepona. Wewe unayeugua hivi, usifanye nilivyofanya mimi. Usitoke kitandani ukimbilie kazi siku ile ile. Homa hii ikiondoka imekwenda kupumzika tu.

Mama alikuja na uji wa uwele. Alikuwa anakaa kwa jirani wa kabila letu, nyuma ya stesheni, na kila siku alikwenda kwanza gerezani na samli ya kupaka mgongo wa kaka yake, halafu ndipo aje kwangu. Alikaa akiangalia mlango. Nikimwambia asante, alisema, "Kunywa," kama daktari.

Siku moja aliuliza bila kugeuka, "Wale wadudu. Waliishi kweli?"

Nilivuta blanketi hadi kidevuni.

"Nilijua," alisema. "Nilijua nilipokuona unatetemeka."

Homa ilirudi kabla ya Jumamosi ya pili. Siku yenyewe ya viboko nilikuwa kitandani, na dirisha langu lilitazama uwanja. Nilimsikia Ombasha Faraji akihesabu mwenyewe huku mwenzake akipiga.

"Kumi na moja. Kumi na mbili. Tisa."

Askari wakacheka.

"Ombasha, umerudi nyuma!"

"Nimesahau kitu huko. Tisa, nimesema. Kumi."

Mimi nilihesabu ndani ya blanketi, kwa vidole. Vilifika thelathini na tatu. Na nakiri jambo hili ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilishukuru kwamba naumwa. Nilimshukuru Mungu kwa homa, kwa kuwa sauti ile haikuwa yangu.

Mama aliingia jioni. Kitambaa chake kilikuwa na damu ya mjomba. Kwa mara ya kwanza alinishika mkono.

"Mwanangu, pona. Jumamosi nyingine uhesabu wewe."

"Mama, unaniomba nihesabu?"

"Nakuomba uhesabu na uibe. Wewe una akili. Iba vichache."

Fikirini mama anayemwomba mwanawe aende akahesabu viboko vya kaka yake, na kuliona hilo kuwa neema. Ndiko tulikofika.

Nilipona tena, nikiwa nimekonda mpaka kanzu ilining'inia. Nywele zilitoka kwa vishungi. Jumamosi ya tatu nilisimama uwanjani. Nilikuwa nimepanga kuiba vinane. Lakini safari hii Bwana alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma. Niliogopa. Nikasema kumi na nne, kisha kumi na sita. Kimoja tu. Niliiba kimoja.

Bwana aliinua kidole. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, ila tarakimu alizijua.

"Karani amepotea. Anza tena."

"Kutoka kumi na tano, Bwana?"

"Kutoka moja."

Nikasema moja. Nilihesabu tena hadi ishirini na tano, juu ya vile vilivyokwisha kupigwa. Katikati mjomba aliacha kulia. Walimbeba.

Mama hakuja siku hiyo wala iliyofuata.

Homa ya tatu ndiyo iliyonipinda mdomo. Niliamka asubuhi, nikanywa maji, yakanimwagikia shingoni. Niliomba kioo kwa karani mwenzangu. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umeshuka kama ngozi iliyoanikwa vibaya, na jicho halifungi. Habari ilienea mjini kabla ya saa sita. Wanawake waliochota maji walipita dirishani kunitazama.

"Ndio huyo?"

"Ndio. Mdomo uliohesabu."

"Mungu si mchelewaji."

Daktari alinidunga sindano, kwa kuwa nilikuwa mtu wa serikali. Mkono ulivimba ukawaka moto juma zima. Wagonjwa wengine wa benchi, watu wa kawaida, walipewa maji ya uchungu na kuambiwa warudi. Wawili niliowazoea hawakurudi. Mmoja alikuwa mama mwenye kikohozi ambaye alikuwa akinisukumia nafasi upande wa kivuli. Sikuwahi kumwuliza jina.

Katika siku hizo nilichoka. Sisemi uchovu wa homa. Nilichoshwa na kuona. Kila mara mlango wa boma ulipofunguliwa aliingizwa mtu amefungwa. Vijiji vilichomwa kwa kukosa wapagazi, ghala zikabebwa, na waliokuja kushitaki walipigwa kwa sababu ya kushitaki. Nami nilikuwa mmoja wa hao wabaya, wala si mtazamaji. Nilimwomba Mungu anichukue.

Siku moja nimekaa benchini, wafungwa wa mnyororo waliletwa kufagia uwanja wa hospitali. Kati yao, shingo yake ikiwa katika pete ya mwisho, nilimwona Mwalimu Yakobo, aliyenifundisha a e i o u. Misheni yake ilikuwa ya Waingereza, na kwa kuwa Waingereza walikuwa maadui, walimu wote walikamatwa. Alifagia akasogea mpaka mbele yangu, akiwavuta wenzake polepole. Askari mlinzi alikuwa anawasha kiko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Eliya. Umekuwa mbaya."

"Ni ugonjwa."

"Mdomo, ndiyo. Nasikia na mengine."

Nikamwuliza lililonikaa moyoni. "Mwalimu, Mungu anaona?"

"Anaona."

"Mbona amenyamaza?"

"Usiniulize mimi, nina chuma shingoni. Mwulize mwenyewe." Alifagia mara mbili, tatu. "Mimi pia nimechoka, usidhani. Jana niliomba yule Ombasha aanguke kisimani. Leo asubuhi nikatubu. Jioni pengine nitaomba tena aanguke."

Nilicheka, na mate yakanitoka. Hakutazama pembeni kama wengine walivyofanya. Alinifuta kidevu kwa kiganja chake chenye vumbi.

"Unaomba nini wewe?"

"Naomba nife."

"Acha. Hata kupona usiombe kwanza. Omba ujue utafanya nini Jumamosi. Hicho tu. Halafu omba miguu."

"Miguu?"

"Ya kusimamia."

Mlinzi alipiga kelele, mnyororo ukasonga, naye akaenda akikokotwa.

Sikuwa nimeomba hivyo maishani. Sala zangu zote zilikuwa za kupewa au kuondolewa. Kwa siku nne nilikaa mwisho wa benchi lile, nimefunika uso kwa kilemba ili watu wasinione, nikasema, Bwana Yesu, nawe ulipigwa uwanjani na watu wakatazama. Mimi nilikuwa kati ya waliokuwa wakihesabu. Nionyeshe la kufanya, unipe miguu. Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Nilichokiona ni kwamba wizi wangu wa Jumamosi ya tatu ulishindwa kwa sababu nilitaka kumwokoa mjomba na kazi yangu kwa pamoja. Haikuwezekana. Nililijua hilo polepole, kama mtu anavyojua kwamba jino litang'olewa, na nilipolijua, hofu haikuisha, ila usingizi ulirudi.

Jumamosi ya nne homa ilirudi asubuhi, nyepesi kuliko zile nyingine. Nilikwenda benchini kungoja dawa, na mjomba aliletwa apimwe. Watu wa benchi walisongana, akakaa kando yangu. Alinuka usaha na samli. Hakuweza kuegemea ukuta.

"Mpwa," alisema akitazama mbele. "Mdomo umekuwaje?"

"Umepinda, mjomba."

"Utanyooka?"

"Hawajui."

"Leo usiruke. Ukiruka, anayeanza upya ni mimi, siyo wewe."

"Sitaruka."

"Na Busi usiitaje. Wewe una homa, na watu wa homa wanasema ovyo. Wakikuuliza, kama ni kuniponya unataka, usiniponye hivyo. Nitakufa na laana mdomoni, na itakuwa yako."

"Sitaitaja, mjomba."

Daktari alitoka, akaweka sikio kifuani mwake. "Anafaa."

Uwanjani jua lilikuwa kali na mimi natetemeka. Mjomba alilazwa. Bwana alitikisa kichwa kwangu nianze. Ilinibidi niushike mdomo kwa vidole viwili ili maneno yatoke sawa, na askari walipoona hivyo walianza kuguna kwa kicheko.

"Sihesabu, Bwana."

"Nini?"

"Sihesabu. Si leo wala siku nyingine."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alimwita daktari kama mtu anavyoitisha chai. Daktari alinishika paji la uso, lililokuwa linawaka, akafungua jicho langu lisilofungika.

"Anafaa," alisema.

Walimsogeza mjomba kando, wakanilaza mimi. Ombasha Faraji alihesabu. Sitaeleza maumivu, kwa kuwa waliowahi kupigwa wanayajua, na wasiowahi, Mungu awanusuru wasijue. Nitasema hili tu. Niliomba miguu na niliipata, lakini iliishia pale nilipokataa. Kuanzia kiboko cha tatu nililia, nilimwita mama, nilijikojolea, na kufika kumi na kitu nilitaka kusema Busi. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Nilijiuma mkono. Aliyelizuia si mimi, najua nguvu zangu zilipoishia.

Kisha wakamrudisha mjomba, wakampiga vyake vyote. Kukataa kwangu hakukumpunguzia hata kimoja. Mama aliyaona yote akiwa nje ya ua.

Nilivuliwa kanzu ya ukarani nikafungwa kwenye mnyororo uleule, katika pete iliyokuwa kati ya mjomba na Mwalimu Yakobo. Kutwa tulibeba mawe na magogo, kutoka pori la Kizota hadi stesheni. Homa ilikuwa bado mwilini, nikayumba, na kila nikiyumba chuma kilinikata shingo. Siku ya pili nilihisi uzito umepungua. Nilitazama, mkono wa mjomba ulikuwa chini ya mnyororo, umeuinua.

"Asante, mjomba."

"Usidhani nakusaidia. Ukianguka, shingo ni yangu."

Lakini aliuinua hivyo siku tatu, mpaka jasho likatoka na homa ikaondoka. Haikurudi tena.

Asubuhi kabla ya kazi Mwalimu alisali kwa sauti ndogo, na wafungwa wote walinyamaza, Waislamu wa mjini na wazee wasio na dini ya kitabu, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kwenda. Tulikuwa tumefungwa pamoja. Alisali kwa maneno machache. Aliomba maji, aliwaombea waliokufa jana, na kila siku alimtaja Ombasha kwa jina. Siku nyingine alikwama hapo kwenye jina, akanyamaza, akaenda kwenye amina. Sala yake ilinifundisha kuliko mahubiri niliyosikia baadaye kwa miaka hamsini. Wewe uliyechoka na ubaya, usingoje upate moyo mzuri ndipo uombe. Anza na jina la yule unayemchukia. Ukikwama, sema amina, kesho urudi hapo hapo.

Miezi michache baadaye, viboko vya mjomba havijakoma, Waingereza walikaribia, na askari wa Mjerumani wakaondoka kwa haraka kufuata reli. Waliacha ufunguo wa mnyororo umetupwa barazani, karibu na benchi. Tulifunguana wenyewe. Mjomba alikuwa hawezi tena kuinua mikono juu ya mabega. Mama ndiye aliyemfunga shuka.

Nilisogea. Nilisema nitambeba mpaka kwake.

"Hapana," alisema. Alipiga hatua mbili, akasimama kupumua. "Mpwa. Yule Mungu wenu mnayemwomba kwenye chuma. Siku ile ya kwanza alikuwepo uwanjani?"

"Alikuwepo, mjomba."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi mlikuwa wawili."

"Yeye hakuhesabu, mjomba. Niliyehesabu ni mimi."

Alinitazama, na nilidhani atatema mate. "Hilo umelisema vizuri," alisema, "hata kwa mdomo huo." Kisha akageuka. Mama alichukua mzigo wake mdogo, akanigusa bega kwa vidole, akamfuata kaka yake kwenye njia ya Chemba. Mjomba aliishi miaka mitatu zaidi. Wanawe walirudi salama kutoka milimani. Kila mwaka baada ya mavuno nilikwenda nikakaa nje ya tembe lake, nikapewa maji, sikukaribishwa ndani. Alipozikwa, wanawe hawakunipa jembe la kufukia kaburi. Sikulalamika, wala silalamiki.

Siku ile ya kufunguliwa nilibaki nimesimama uwanjani, sina kazi, sina kanzu, sina pa kulala. Mwalimu Yakobo alikuwa anajisugua shingo.

"Una shughuli?" aliniuliza.

"Sina."

"Kanisa letu askari wamelifanya zizi la mbuzi. Twende tukalisafishe."

Tulikwenda. Mavi yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu, na madirisha yamevunjwa kuwa kuni. Alinipa ufagio wa vijiti. Nilijaribu kuinama, mgongo wenye makovu ukakataa kukunjika. Basi nilipiga magoti ili niweze kufagia. Nilianzia mlangoni nikaenda mbele kidogo kidogo, kwa magoti, nikisukuma mavi kwa mikono miwili. Nilikuwa nimefika katikati ya kanisa nilipogundua kwamba nilikuwa naomba, na sikumbuki nilianzia wapi.